Vita vya Kagera, 1978–1979: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi kila mara kuhusu vita kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin: chanzo chake, jinsi vilivyopiganwa, vilivyogharimu, na kilichofuata katika siasa na mifuko ya watu. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Yale ya uchumi na ya siasa za Uganda baada ya Amin tumeyaandika kwa urefu, maana huko ndiko upotoshaji ulikojaa.

Vita vilianza lini na kuisha lini?

Chokochoko za mpakani zilianza mapema Oktoba 1978. Uvamizi kamili wa majeshi ya Uganda ulikuwa tarehe 30 Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili 1979, na watu wengi huishia hapo. Lakini Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliendelea kusonga kaskazini na magharibi mpaka likafika mpaka wa Sudan, mkoani West Nile, tarehe 3 Juni 1979. Hiyo ndiyo siku mapigano yalipomalizika rasmi.

Kwa nini kile kipande cha ardhi kaskazini ya Mto Kagera kiligombaniwa?

Kwa sababu mpaka haufuati mto. Wakoloni wa Kiingereza na Kijerumani waligawana eneo hilo mwaka 1890 kwa mstari ulionyooka, latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, bila kujali Mto Kagera unapita wapi. Mto unapinda kusini ya mstari huo, kwa hiyo kikabaki kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto: Minziro, Kakunyu, Mutukula upande wa Tanzania, na mashamba ya miwa yaliyo jirani na Kyaka. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,800.

Amin alidai kwamba mto ndio mpaka wa haki, na tarehe 1 Novemba 1978 serikali yake ikatangaza kwamba eneo lote ni la Uganda. Kisheria dai hilo halikuwa na mguu wa kusimamia: viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe ilivyo.

Ugomvi ulianza mwaka 1978?

La. Ulianza tarehe 25 Januari 1971, Amin alipompindua Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampokea Obote Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kujaribu kumrudisha madarakani. Walishindwa vibaya huko Masaka na Mbarara, na Amin akajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na Oktoba 1972 yakatiwa sahihi makubaliano ya Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani na uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake.

Makubaliano hayo yana uzito kuliko yanavyopewa. Kwa sababu yake, mwaka 1978 askari wa Tanzania waliokuwa kaskazini ya mto walikuwa wachache mno, na wavamizi hawakukuta ngome ya kuwazuia.

Basi kwa nini Amin alivamia?

Maelezo mawili husimuliwa, na hayapingani. La kwanza ni kwamba jeshi lake lilikuwa limeanza kumeguka. Makamu wake, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumizwa katika ajali ya gari Aprili 1978 na watu wake wakaamini si ajali ya kawaida. Maasi yakazuka vikosini, na baadhi ya waasi wakakimbilia upande wa Tanzania wakifuatwa nyuma. La pili ni kwamba serikali yake ilihitaji nyara na ushindi wa haraka, kwa kuwa hazina ilikuwa inakauka. Oktoba hiyohiyo Marekani, iliyokuwa ikinunua karibu theluthi moja ya kahawa ya Uganda, ilipiga marufuku biashara na nchi hiyo.

Tunaona lile la kwanza ndilo lililowasha moto na la pili ndilo lililoufanya usizimwe. Askari walipovuka waliruhusiwa kuchukua walichoweza: ng'ombe kwa maelfu, mitambo ya kiwanda cha sukari cha Kagera, mabati, magari, hata milango. Jeshi lililopewa ruhusa ya kupora haliagiziki kirahisi kurudi kambini.

Wananchi wa Kagera walipata madhara gani?

Makadirio yanayotajwa ni raia wapatao 1,500 waliouawa katika wiki chache za ukaliaji, na watu takriban 40,000 waliokimbia kusini ya mto. Wengi walivuka kwa mitumbwi baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa. Waliporudi walikuta nyumba bila paa, migomba imefyekwa, na zizi tupu. Kwa mkulima wa Kihaya hasara ya ng'ombe si ya nyama na maziwa pekee, kwani samadi ndiyo inayolisha kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Migomba na mibuni ilidhoofika kwa misimu kadhaa baadaye.

Je, mji wa Bukoba ulitekwa?

Hapana. Ulipigwa mabomu ya ndege na wakazi wengi wakaukimbia, lakini majeshi ya Uganda hayakuvuka mto.

Kwa nini JWTZ lilichelewa kujibu?

Swali hili huulizwa kwa lawama, na jibu lake liko kwenye ramani. Jeshi lilikuwa limesambaa nchi nzima, na sehemu kubwa ilielekezwa kusini kwa sababu ya vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Brigedi moja ilibidi itoke Songea, yaani pembe ya pili kabisa ya nchi. Vifaru na mizinga mizito vilipaswa kupanda treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, kushika tawi la Mwanza, kisha kupakiwa melini kuvuka Ziwa Viktoria hadi Bukoba. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kilomita zipatazo 80, wakati ule barabara ya udongo, tena Novemba ikiwa katikati ya mvua za vuli.

Yaliyoharibika njiani yalikuwa mengi. Malori hayakutosha, kwa hiyo serikali ikachukua ya mashirika ya umma na ya watu binafsi, pamoja na mabasi. Mengi yalikwama kwenye matope au yakafa kwa kukosa vipuri. Katika siku za mwanzo mizinga ya kutungulia ndege huko Musoma ilitungua ndege tatu za Tanzania yenyewe, kwa sababu wapiga mizinga hawakuwa wamepewa taarifa kamili za safari zake.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mto. Daraja la Kyaka lilivunjwa tarehe 3 Novemba. Ndege za Uganda zilishindwa kulilenga, ndipo akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Amin aliamini kwamba bila daraja hilo Tanzania isingevuka. JWTZ lilivuka kwanza kwa mashua na vikosi vidogo, kisha kwa daraja la kuelea, na mwishowe kwa daraja la chuma la kuunganisha vipande. Kufikia mwisho wa Novemba kaskazini ya mto kulikuwa kumerudi mikononi mwa Tanzania.

Mgambo walifanya kazi gani?

Bila wao vita visingewezekana. Jeshi lilikuwa na watu takriban 40,000 kabla ya vita. Chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine kila mkoa ulitakiwa kutoa watu, na nguvu yote ikapanda kupita 150,000 ukijumlisha mgambo wapatao 40,000, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo yalikuwa ya wiki chache. Wengi walikuwa wakulima waliozoea jembe, sasa wamevaa buti.

Udhaifu wa kupanua jeshi kwa kasi ulionekana Lukaya, nchini Uganda, tarehe 10 Machi 1979. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kupigwa risasi, ilirudi nyuma kwa fujo iliposhambuliwa na Walibya waliokuja kumsaidia Amin.

Libya iliingiaje, na kwa nini ilishindwa?

Gaddafi alimwona Amin kuwa mwenzake katika dini na siasa, akatuma askari wanaokadiriwa kuwa 2,500 pamoja na vifaru, magari ya deraya na mizinga ya roketi. Wengine waliambiwa wanakwenda mazoezini. Pia alimtumia Nyerere onyo la saa 24 kwamba aondoe majeshi Uganda, naye Nyerere akamjibu kwamba msimamo hautabadilika.

Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita Lukaya juu ya tuta lililozungukwa na kinamasi. Kifaru hakiwezi kutoka nje ya tuta hilo. Walibya walipoisukuma Brigedi ya 201 hawakuendelea mbele, walisimama kujipanga. Usiku huo Brigedi ya 208 ikazunguka upande wa kinamasi na kuikata barabara nyuma yao. Asubuhi ya tarehe 11 walijikuta katikati, hawana pa kugeuzia magari. Wasomaji wengi wa mambo ya kijeshi huona hapo ndipo vita vilipoamuliwa, na sisi tunakubaliana nao.

Baadaye ndege ya Libya ya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua ghala la mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Mafuta hayakuguswa.

Tanzania ilikuwa na haki ya kwenda mpaka Kampala?

Kuwatoa wavamizi nchini hakuna aliyekupinga. Ubishi ni juu ya kuvuka mpaka Januari 1979. Nyerere alikuwa ameutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika uilaani Uganda kwa uvamizi, na Amin aache madai ya ardhi, aahidi kutorudia na alipe fidia. Hakupata hata moja. Umoja uliwataka wote wawili wasimamishe mapigano, kana kwamba mvamizi na mvamiwa ni sawa.

Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba kuna vita viwili: Tanzania inapigana kumwadhibu mvamizi, na Waganda wanapigana kumwondoa dikteta wao. Kwa hiyo walikuwepo wapiganaji wa Uganda: Kikosi Maalum cha Obote chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok, na FRONASA, kundi la wapiganaji la Yoweri Museveni. Lakini mzigo ulibebwa na JWTZ, na hakuna haja ya kulificha hilo. Kule Monrovia, kwenye mkutano wa Umoja huo wa Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuweka mfano wa nchi kupindua serikali ya jirani. Msumbiji ilisimama na Tanzania na hata kutuma kikosi.

Maoni yetu: uvukaji ulikuwa halali kwa kiasi kikubwa kwa sababu Amin angerudi, na historia ya 1972 inaonyesha hivyo. Ila haki ya kumwondoa mtu haikuambatana na mpango wa nani atakayekaa kiti chake, na hapo ndipo hesabu ilipoharibika.

JWTZ lilifanya makosa nchini Uganda?

Ndiyo. Mutukula ya Uganda ilisawazishwa kwa kulipiza kisasi. Masaka na Mbarara, zilizotekwa Februari 1979, zilibomolewa majengo mengi baada ya mapigano kwisha. Nyerere alikuwa ametoa amri kwamba raia walindwe, na katika maeneo mengi nidhamu ilikuwa nzuri kiasi kwamba Waganda waliwaita askari hao bakombozi na kuwapokea kwa vifijo. Kadiri miezi ilivyozidi sifa hiyo ilichakaa kwa visa vya uporaji.

Wangapi walikufa vitani?

Idadi ya askari wa Tanzania inayotajwa zaidi ni 373, na sehemu kubwa yao hawakufa kwa risasi za adui bali kwa ajali, hasa za barabarani. Kwa Uganda hutajwa askari wapatao 1,000 na kwa Libya zaidi ya 600. Makaburi ya mashujaa wa Tanzania yako Kaboya, wilayani Muleba. Siku ya Mashujaa huadhimishwa kila tarehe 25 Julai.

Vita viligharimu kiasi gani?

Hesabu inayotumika ni takriban dola milioni 500 za Marekani. Ili uipime, linganisha na mauzo yote ya nje ya Tanzania kwa mwaka mmoja wa wakati ule, yaani kahawa, pamba, mkonge, korosho, chai, tumbaku na almasi kwa pamoja: kiasi kilikuwa kinakaribiana. Nchi ilitumia mapato ya mwaka mzima kwa vita.

Tena aina ya fedha ni muhimu kuliko kiasi. Mshahara wa askari hulipwa kwa shilingi, na shilingi benki kuu inaweza kuzichapa. Mafuta, matairi, vipuri vya malori, risasi na makombora hulipwa kwa fedha za kigeni, na hizo zilipatikana hasa kwa kuuza mazao. Kila tairi lililokwenda Mutukula lilikuwa tairi ambalo halikwenda kubeba pamba ya Shinyanga. Malori yaliyorudi kutoka vitani yalirudi mabovu, na mengine hayakurudi. Msimu wa 1979 mazao yalilala kwenye maghala ya vijijini yakisubiri usafiri, wakulima wakisubiri malipo.

Fidia haikulipwa wakati ule. Zaidi ya hapo, Tanzania iliendelea kuwalisha na kuwalipa askari wake Uganda kwa miaka miwili baada ya ushindi.

Kwa hiyo vita ndivyo vilivyoleta njaa na foleni za miaka ya 1980?

Si peke yake, na anayesema hivyo anawaondolea wengine lawama. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda sana mwaka 1976 na 1977 baada ya jalidi kuharibu mibuni ya Brazili, na ikaanguka kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikalazimika kununua ndege, vichwa vya treni na mitambo ya simu upya. Mapinduzi ya Iran yalipandisha pipa la mafuta kutoka dola zipatazo 13 hadi zaidi ya 30. Na sera za ndani zilikuwa na sehemu yake kubwa: vyama vya ushirika vilifutwa 1976, mamlaka za mazao zikachelewesha malipo, bei ya mkulima ikawa ndogo kiasi kwamba kuuza kwa magendo kulilipa zaidi.

Vita viliinyima nchi akiba ya kuvukia kipindi hicho. Nchi yenye akiba ya miezi kadhaa inaweza kustahimili ukame au mafuta kupanda. Tanzania ya katikati ya 1979 haikuwa nayo tena.

Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Ilipokwisha mkanda haukulegea. Sabuni, sukari, dawa ya meno, khanga na betri vikawa vitu vya kupanga foleni kwenye maduka ya kaya na ya RTC (kampuni za biashara za mikoa), na watu wakala unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, wa msaada. Mpangilio wa matukio ya kisera ulikuwa huu: Desemba 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu kwa sababu alitaka masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakubaliwe na Nyerere hakutaka. Makubaliano na shirika hilo ya mwaka 1980 yalivunjika ndani ya miezi michache. Mwaka 1983 Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi, uliowatia hofu walanguzi lakini pia ukawafanya wenye bidhaa kuzificha. Sokoine alifariki katika ajali tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka uleule serikali ikaanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Nyerere akang'atuka 1985, na 1986 serikali ya Mwinyi ikasaini na Shirika la Fedha. Dola iliyokuwa kama shilingi 17 ikafika 40 mwaka huo.

Mtei baadaye alikuwa mwasisi wa chama cha upinzani cha CHADEMA, mwaka 1992. Ukitafuta uzi unaounganisha hazina iliyomalizwa na vita na siasa za vyama vingi, huo ni mmoja.

Kwa nini Uganda haikutulia baada ya Amin kuondoka?

Kwa sababu serikali mpya ilishonwa Moshi kwa siku tatu, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, huku majeshi yakiwa tayari yanaikaribia Kampala. Vikundi zaidi ya 20 vya wakimbizi wa kisiasa, visivyoaminiana, vilikubaliana kuunda umoja mmoja, UNLF. Nyerere alimshauri Obote asihudhurie, kwa kuwa Waganda wa Buganda hawakumtaka. Yusuf Lule, msomi asiye na jeshi, akachaguliwa mwenyekiti, akaapishwa urais tarehe 13 Aprili.

Kasoro ilikuwa kwenye muundo. Madaraka ya kuteua mawaziri yaliachwa bila mpaka wazi kati ya rais na baraza la ushauri. Bunduki zilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa watiifu kwa Obote au kwa Museveni, si kwa UNLF. Lule alipofanya uteuzi bila kibali cha baraza aliondolewa, tarehe 20 Juni, baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata alijaribu Mei 1980 kumwondoa Oyite-Ojok katika cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi, na jeshi likamwondoa yeye. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikasimamia uchaguzi wa Desemba 1980. UPC, chama cha Obote, ikatangazwa mshindi, wapinzani wakadai kura zimeibwa. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza. Obote akapinduliwa Julai 1985, na Museveni akaingia Kampala tarehe 26 Januari 1986.

Tanzania ililaumiwa kwa pande zote mbili, kwamba ilimrudisha Obote na kwamba iliwaacha Waganda. Ukweli ni kwamba ilikuwa na nguvu za kutosha kuangusha serikali na haikuwa na fedha wala watumishi wa kuendesha nchi ya pili. Vikosi vyake vikubwa viliondoka katikati ya 1981, polisi na jeshi jipya la Uganda vikiwa bado havijaiva.

Uchumi wa Uganda uliathirikaje?

Ulikuwa tayari mgonjwa tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972 kwa muda wa siku 90. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilikuwa vinazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Vita vikaongeza uporaji wa maduka, ofisi na maghala ya Kampala siku zilezile za ukombozi, na wengi wa waporaji walikuwa raia. Magendo yakawa ndiyo biashara yenyewe: kahawa ikivushwa mipakani, bidhaa za dukani zikiingia kwa njia hiyohiyo. Mali za Waasia zilishikwa na bodi maalumu ya serikali. Sheria ya kuzirudisha ilipitishwa 1982, lakini nyingi zilirejeshwa kwa wenyewe miaka ya 1990. Sarafu ilibadilishwa mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya.

Silaha za jeshi la Amin zilikwenda wapi?

Nyingine zilivuka na wenyewe kwenda Sudan na Zaire. Lakini lililoleta maafa ya muda mrefu ni ghala la kambi ya Moroto. Walinzi walipokimbia 1979, Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini mashariki ya Uganda, walilivunja na kubeba bunduki na risasi kwa wingi. Wizi wa mifugo, uliokuwa wa mikuki na bunduki chache, ukawa wa silaha za kivita. Mwaka 1980 ukame ulipokuja, familia zilizokwisha kuporwa mifugo hazikuwa na cha kuuza, na Karamoja ikapata njaa kali. Mkondo wa silaha hizo ulifika kwa Wapokot na Waturkana wa Kenya.

Je, vita ndivyo vilivyoeneza UKIMWI Kagera na Rakai?

Wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na Rakai, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imeanza kuzika watu kabla ya hapo. Vita vilisogeza maelfu ya vijana wa kiume, vikavunja ndoa na riziki, vikaacha njia za magendo zenye fedha za haraka kwenye mialo ya ziwa. Hayo yote yalirahisisha maambukizi. Hata hivyo virusi vilikuwa vimekwisha kuwapo katika ukanda huo kabla ya 1978, kwa hiyo si sahihi kusema askari fulani ndio walioleta ugonjwa. Kauli hiyo imewaumiza wajane wengi bila sababu.

Kenya ilikuwa upande gani?

Rasmi haikuwa na upande. Moi alikuwa na miezi miwili tu madarakani tangu kifo cha Kenyatta, akajitolea kusuluhisha. Kenya ilikuwa na kinyongo na Amin, aliyedai sehemu za magharibi ya Kenya mwaka 1976, na pia na Tanzania, iliyofunga mpaka 1977. Na mizigo ya Uganda ilipita Mombasa, kwa hiyo wafanyabiashara walikuwa na la kupoteza. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mgawanyo wa mali za Jumuiya ya zamani ukasainiwa Arusha Mei 1984. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999.

Kuna uhusiano wowote na Rwanda na Kongo?

Upo. Miongoni mwa vijana wa FRONASA walikuwepo watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, akiwamo Fred Rwigyema. Walibaki na Museveni msituni, wakapata uzoefu na vyeo, na tarehe 1 Oktoba 1990 Rwigyema akaliongoza jeshi la RPF, chama cha wakimbizi hao wa Kinyarwanda, kuingia Rwanda. Yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 na Zaire kuanzia 1996 yana sababu zake nyingi, lakini jeshi lenye uwezo huo lisingepatikana bila shule ya vita iliyofunguliwa 1979.

Babu yangu alikuwa mgambo. Nianzie wapi kutafuta habari zake?

Anza nyumbani: tafuta namba ya utumishi, kadi, barua au picha yenye jina la kikosi, kwa maana bila namba au brigedi afisa wa kumbukumbu hana pa kushika. Kisha nenda kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya alikoandikishwa, si wilaya anakoishi sasa, ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Kwa aliyekuwa askari wa kudumu, maombi huandikwa Makao Makuu ya JWTZ yakitaja jina lote kama lilivyoandikwa wakati ule, mwaka wa kuzaliwa na mahali pa kuandikishwa. Tatizo la kawaida ni majina: wengi waliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, na leo wanatumia la ukoo. Andika yote.

Kwa matukio yenyewe, magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News ya Oktoba 1978 hadi Juni 1979 yanapatikana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana. Kumbuka kwamba yaliandikwa chini ya udhibiti wa wakati wa vita: tarehe za kutekwa kwa miji hutangulia au kuchelewa siku moja mbili, na hasara za upande wetu mara nyingi hazikutajwa. Katika hati za zamani mkoa unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilianza kutumika 1979.